Shajara ya mradi: antena bapa ya 2.4 GHz kwenye ukuta wa kontena

Novemba, katikati

Kazi yenyewe iko hivi. Shangazi ana kontena la futi ishirini pale Kibaigwa anahifadhia mahindi na maharage kabla hayajapakiwa, ndani nimemwekea kidude cha ESP32 kinachosoma joto na unyevu halafu kinatuma kwa waifai mpaka ofisini kwake ng'ambo ya uwanja. Unyevu ukipanda mahindi yanaota ukungu, na ule ukungu ni sumu, kwa hiyo zile namba zinatakiwa zifike bila kukatika. Sasa ndani ya kontena signali haitoki, chuma pande zote, antena lazima ikae nje, na ikikaa nje inachomoza, ikichomoza makuli wanaondoka nayo na gunia. Ya mwisho imevunjika juzi na kijana mwenyewe akaja kunieleza: "Kaka samahani, ila hicho kijiti chako kiko usawa wa bega, na sisi tunapita hapo na kilo mia mgongoni." Ana haki kabisa. Kwa hiyo antena inatakiwa ilale ukutani, unene wote usizidi sana kidole.

Na hapo ndo fizikia inapoanza kubana. Antena ya waya ukiilaza karibu na bati inakufa, mana wimbi likipiga chuma linarudi limegeuzwa, fezi (yaani mahali lilipofika kwenye kupanda na kushuka kwake) digrii 180. Ukiiweka juu kwa robo ya urefu wa wimbi inapona, kwa sababu wimbi linaloelekea nyuma linatembea robo, linageuzwa, linatembea robo nyingine likirudi, jumla digrii 360, linamkuta mwenzake wa mbele wako sawa na wanasaidiana. Kwa 2.45 GHz urefu wa wimbi ni kama 122 mm, robo yake 30.6 mm, na hizo sentimita tatu ndo makuli wanazozikwaa. Ukishusha antena mpaka 5 mm, safari ya kwenda na kurudi inakula kama digrii 29 tu, zile 180 za bati karibu zote zinabaki, mawimbi mawili yanafutana na nguvu inarudi kwenye waya ilikotoka.

Ukitaka kuona kwa macho chukua kamba, mwisho mmoja funga kwenye msumari ukutani kisha irushe mara moja, lile tuta linaenda likiwa juu linarudi likiwa chini. Sasa ule mwisho ufunge kwenye pete inayoteleza juu chini kwenye fimbo bila kukwama, tuta linaenda juu na linarudi juu vile vile. Bati ni msumari. Ninachotafuta mimi ni pete.

Novemba, mwishoni

Hakuna madini utakayonunua Kariakoo yakafanya kazi ya pete kwa mawimbi ya redio. Kwenye vitabu kitu hicho kipo, kinaitwa kondakta kamili ya sumaku, ila ni cha kwenye karatasi tu. Kinachonifurahisha mimi, na ndo sababu nimeacha njia zote nyingine nikashika hii, ni kwamba ukikosa madini unaweza kuchora. Shaba ni ile ile, bodi ni ile ile ya saketi za kawaida, lakini ukiikata shaba kwa mpangilio fulani uso mzima unabadilika tabia na wewe ndo unaamua wimbi lirudi na fezi gani.

Aliyeifanya ijulikane ni Dan Sievenpiper akiwa UCLA kule Marekani, kazi yake ya udaktari na makala aliyoitoa na wenzake mwaka 1999. Muundo wake ni rahisi ajabu: chini shiti ya shaba, katikati plastiki, juu viraka vya mraba vya shaba vimepangwa gridi na gepu nyembamba kati yao, kila kiraka kimeunganishwa na shiti ya chini kwa kijiti cha shaba katikati, ukiutazama kwa ubavu ni uyoga mtupu umepandwa kwa mistari. Gepu kati ya viraka ni kapasita, inatunza chaji. Njia ya mkondo kushuka, kupita chini na kupanda tena ni indakta, inatunza usumaku. Kapasita na indakta zikikaa pamoja zina masafa yao ya resonansi, yale zinayopenda kutetema nayo, na kwenye yale masafa uso unakuwa na ukinzani mkubwa sana, mkondo unashindwa kutiririka juu yake, na wimbi linarudi na fezi sifuri. Chini ya hapo fezi inapanda kuelekea +180, juu ya hapo inashuka kuelekea -180. Wengi wanachukua eneo la kati ya +90 na -90 kama eneo la kazi.

Na kitu muhimu, viraka ni vidogo kuliko wimbi. Mlango wa maikrowevu unatumia ujanja wa familia hiyo hiyo, ile shiti yenye vitundu: mwanga una mawimbi mafupi kupindukia unapita unaona chakula chako, mawimbi ya 2.45 GHz yana sentimita 12 hayaoni vitundu kabisa, yanaona ukuta. Wimbi halisomi vitu vidogo kuliko lenyewe kimoja kimoja, linasoma wastani. Ndo mana mchoro wa viraka unageuka kuwa "madini" mbele yake.

Desemba, hesabu za penseli

Indakta inatokana na unene tu, unazidisha unene kwa ile namba ya mu sifuri, ya usumaku wa hewa tupu. Bodi moja ya FR4 (ile ya kawaida ya saketi) ya 1.6 mm inatoa nanohenri 2, bodi mbili zikipandishana 3.2 mm zinatoa nanohenri 4. Halafu kwa 2.45 GHz kapasita inayohitajika na nanohenri 4 ni kama pikofaradi 1. Kwa fomula ya kapasita aliyotumia Sievenpiper, na FR4 yenye dieletriki ya 4.4 (kipimo cha bodi kutunza uga wa umeme), nikapata kiraka cha 19 mm na gepu ya 1 mm, yaani kila seli 20 mm, resonansi 2.43 GHz.

Kwa nini bodi mbili wakati moja ni nyepesi na bei nusu? Hapa inabidi nikae kidogo mana naona watu wengi wanaparuka. Upana wa masafa ambayo uso unafanya kazi unatokana na kipeuo cha pili cha L (indakta) kugawa kwa C (kapasita), kisha ugawe kwa 377 ambayo ni omu za hewa tupu. Kwa 3.2 mm inakuja karibu asilimia 16, ni kama 400 MHz. Kwa 1.6 mm indakta inapungua nusu, inabidi kapasita iongezwe mara mbili kurudi kwenye masafa yale yale, na upana unashuka mpaka asilimia 8. Waifai yenyewe inataka 2400 mpaka 2483.5 MHz, kwa hiyo asilimia 8 bado inatosha kwenye karatasi, lakini kuna hasara. FR4 inakula nguvu, tan delta yake, kipimo cha nguvu inayopotea ndani, ni kama 0.02, na kwenye resonansi umeme unakaa ndani ya bodi ukizunguka zunguka kabla ya kutoka. Nimepiga: 1.6 mm inameza zaidi ya 3 dB (desibeli) kwenye resonansi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu inayogonga uso inageuka joto. 3.2 mm inameza kama 1.6 dB. Kwa bodi ya bei rahisi unene ndo unaokuokoa, hakuna njia ya mkato hapo.

Desemba, simulesheni

Natumia openEMS, ni ya bure na inakata anga kuwa visanduku vidogo inapiga uga wa umeme na wa sumaku hatua kwa hatua kwa muda. Huna haja ya kuchora paneli nzima. Unachora seli moja tu, kuta mbili zinazotazamana unaziambia ni kondakta kamili ya umeme, kuta nyingine mbili kondakta kamili ya sumaku (humo kwenye kompyuta inaruhusiwa), na wimbi linalokuja wima, yaani linalogonga uso moja kwa moja kutoka mbele, linadhani limekutana na gridi isiyo na mwisho. Angalia tu mistari ya gridi kwenye kingo za shaba, usiiweke juu ya ukingo wenyewe, weka theluthi moja ndani theluthi mbili nje, na ndani ya gepu ya 1 mm weka mistari ya kutosha, la sivyo resonansi inakuhamia bila sababu.

Matokeo: seli ya 20 mm ambayo penseli inasema 2.43, simulesheni inasema karibu 2.8. Tofauti ni kubwa lakini ina maelezo, ile fomula ya kapasita inachukulia viraka viwili vinavyotazamana kama vile viko peke yao duniani, wakati kwenye gridi kila kiraka kina jirani pande zote na uga unagawanywa. Kundi la Sergei Tretyakov kule Ufini lina fomula ya wastani wa gridi, ya 2008, yenye logi ya moja kugawa kwa saini, nikaiweka na marekebisho ya tanjenti kwa unene wa bodi nayo ikaangukia 2.78. Kwa hiyo kwa yeyote anayetaka kuanza na penseli aanze na hiyo ya gridi, inakaribia sana simulesheni. Nikaitumia kupanua kiraka: 23 mm, gepu 1 mm, seli 24 mm, inatoa 2.46 GHz.

Januari, paneli ya kwanza

Paneli ni viraka sita kwa sita, 144 mm kila upande, imezidi kidogo urefu wa wimbi mmoja. Nimeanza bila vijiti vya katikati, mana kwa wimbi linalokuja wima vijiti haviguswi, mkondo wake ni sifuri kwa ulinganifu. Kazi ya vijiti ni kuzuia mawimbi yanayotambaa juu ya uso, hiyo nitaigusa baadae.

Uchoraji: nimeprinti kwa printa ya tona kwenye karatasi ya gazeti inayong'aa, nikaipiga pasi ya moto bila mvuke juu ya shaba iliyosuguliwa na steluu, nikaiacha ipoe yenyewe ndipo nikailoweka majini karatasi itoke kwa kidole. Halafu feriki kloraidi, ya vuguvugu, unatikisa beseni taratibu. Hapo inabidi ukae nayo. Shaba inaanza kuyeyuka kwenye kingo za bodi, gepu zinafunguka kutoka nje kwenda ndani, na zile za katikati zinachelewa, kwa hiyo zikifunguka zile za katikati zile za pembeni zimeshaanza kuliwa chini ya tona. Nimepima kwa vernia, pembeni gepu ni 1.1 mm, katikati 1.0. Ni kidogo kwa macho lakini sio kidogo kwa wimbi: gepu ikiongezeka 0.1 mm kapasita inapungua kama asilimia 3.5 na resonansi inapanda kama 40 MHz. Kwenye uso wenye upana wa 400 MHz unalala usingizi. Ungekuwa na bodi nyembamba usingelala.

Bodi ya chini ina shaba upande mmoja, ya juu ina viraka upande mmoja, nimekutanisha migongo isiyo na shaba kwa gundi ya epoksi nyembamba nikaibana na jiriwa usiku kucha. Mapovu ya hewa kati yake usiyavumilie, hewa sio FR4.

Daipoli, yaani antena yenyewe inayolishwa katikati, ni waya wa shaba wa 1.5 mm mraba uliochunwa, umesimama 5 mm juu ya viraka kwa vipande vya lile boksi jeupe jepesi linalokuja na tivii. Koksi, waya wa kulisha antena, inapita kwenye tundu katikati kabisa ya paneli, na kwa gridi ya sita kwa sita katikati sio kiraka, ni njia panda ya gepu, kwa hiyo tundu halimgusi mtu. Ganda la koksi nimelichomelea kwa risasi kwenye shaba ya chini mzunguko mzima.

Januari, vipimo

Mashine ni VNA ndogo ya mkononi inayofika 3 GHz, inaonyesha kwa kila masafa nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena (mstari ukishuka, inayorudi ni kidogo), kalibresheni ya wazi, shoti na lodi ya omu 50 mwisho wa waya ule ule utakaotumika, sio kwenye mdomo wa mashine.

Kwanza daipoli tupu 5 mm juu ya shiti ya bati bapa: mstari uko juu karibu na -2 dB kila mahali, zaidi ya nusu ya nguvu inarudi. Ndo ile kufa niliyosema. Halafu nikaiweka juu ya paneli ya viraka, waya ule ule, urefu ule ule, 5 mm ile ile, na bonde likatokea kwenye skrini, -16 dB. Nimekaa nimelitazama muda. Chini yake kuna shaba, shiti nzima ya shaba milimita chache tu, na antena inapumua.

Ila bonde liko 2.28 GHz. Kwenye 2.45 ni -6 tu, wakati 2.45 ndo fezi ya uso inapita karibu na sifuri. Kukata waya kunalisogeza kidogo, hakulipeleki ninapotaka.

Jibu lilishaandikwa 2003 na Fan Yang na Yahya Rahmat-Samii, nao wa UCLA: daipoli iliyolala karibu na uso wa namna hii haipendi fezi sifuri, inapenda fezi ya karibu +90, kati ya 45 na 135. Ukifikiria ina mantiki sana. Kwenye sifuri kivuli cha antena, yaani taswira yake ndani ya uso, kiko karibu mno na kinakwenda upande mmoja na antena yenyewe, wanashikana, na ukinzani wa kuingilia unakwenda mbali na 50. Kwenye msumari wanafutana, kwenye pete wanashikana, na katikati ya hayo mawili kuna mahali ambapo nguvu inatoka vizuri na waya unakubali kulishwa. Na kwenye paneli yangu +90 inaangukia 2.26 GHz kwa hesabu, na bonde nimelipata 2.28. Nilipoona hizo namba mbili zinasogeleana hivyo nilimpigia simu rafiki yangu mmoja saa tano usiku.

Kwa hiyo uso unaotakiwa ni wenye resonansi juu ya 2.45, ili +90 yake ndo iangukie kwenye waifai. Na kuna zawadi juu yake: kwenye +90 bodi inameza nusu tu ya inayomeza kwenye resonansi, kama 0.8 dB badala ya 1.6.

Februari, paneli ya pili

Kiraka 21 mm, gepu 1 mm, seli 22 mm, paneli 132 mm. Resonansi kwa hesabu 2.61, +90 iko karibu na 2.4. Bonde: 2.43 GHz, -19 dB, na iko chini ya -10 kuanzia 2.36 mpaka 2.52. Waifai nzima imeingia na nafasi imebaki pande zote mbili.

Nikapanda basi nayo mpaka Kibaigwa. Ofisini rauta ile ile haijaguswa. Daipoli juu ya bati kwa 30 mm, ile ya kuvunjwa na makuli, ESP32 inasoma -69 dBm (nguvu ya signali, ikikaribia sifuri ndo bora). Daipoli imelazwa 5 mm juu ya bati tupu, -84. Paneli mpya, -70. Yaani ndani ya dB moja ya ile ndefu, na inachomoza chini ya sentimita moja.

Jambo dogo nililoliona pale ukutani na limenikaa kichwani. Ukuta wa kontena wenyewe una mikunjo, kina chake ni kama 36 mm, na hicho sio mbali na robo ya wimbi la 2.45. Mfereji wa kina cha robo ya wimbi ulioshotiwa chini unaonekana juu kama uko wazi, yaani mdomo wa mfereji ni pete. Per-Simon Kildal, aliyekuwa akifanya kazi Uswidi, aliandika 1990 kuhusu nyuso laini na ngumu za namna hiyo, na wapima ardhi wanazijua bila kuzisoma, ile antena ya GPS ya kituo cha kudumu yenye mapete ya chuma yaliyozungukana, kina cha yale mapete ni kwa ajili ya kuzuia mawimbi yanayodunda kutoka ardhini. Sasa je kontena ni antena ya Kildal? Hapana, mikunjo yake inajirudia kila baada ya kama 28 cm, zaidi ya mawimbi mawili, kwa hiyo wimbi linaiona mikunjo mmoja mmoja halisomi wastani. Ila paneli yangu imekaa juu ya mkunjo bila kujali, mana ina shaba yake ya chini, ukuta ulio nyuma hauna la kusema tena.

Februari, mvua

Shangazi amepiga simu: "Mwanangu, namba zako zimepotea tangu mvua ianze, zikarudi yenyewe jua lilipotoka." Nikamwambia asante shangazi, hiyo ndo taarifa niliyokuwa naihitaji.

Nimeangalia kumbukumbu, ni kweli, mvua ikinyesha signali inashuka mpaka -79 na wakati mwingine inakatika kabisa, ikikauka inarudi -70. Varnishi niliyopaka inazuia kutu ila haizuii hili. Nimejaribu nyumbani, VNA mezani na chupa ya kunyunyizia nguo za pasi. Uga wa umeme wote umejaa kwenye zile gepu za milimita moja na nusu yake iko juu, hewani. Maji yana dieletriki karibu 80. Ukilaza utando wa maji juu ya gepu unaongeza kapasita, resonansi inashuka, na bonde linaondoka kwenye waifai linaelekea chini, unaliona kwenye skrini likitembea kila unaponyunyiza. Matone yaliyojitenga katikati ya viraka hayafanyi kitu, tone moja likidaraja gepu karibu na ncha za daipoli bonde linaruka.

Dawa ni kuyaweka maji mbali na gepu. Nimekata kifuniko cha ndoo ya plastiki, nimekiinua 8 mm juu ya viraka, silikoni pembeni, na tundu dogo upande wa chini la kutolea unyevu. Maji yakikaa juu ya kifuniko bado yanagusa kidogo, mvua kubwa sasa ni -72. Unene wote mpaka juu ya kifuniko ni kama 12 mm. Makuli wanaegemea.

Machi

Paneli iko kazini, haijanipa sababu ya kuigusa. Shangazi anapata namba zake.

Nimeanza paneli yenye vijiti, yaani uyoga kamili. Sababu: mawimbi yanayotambaa juu ya viraka yanafika ukingoni mwa paneli na kumwagika kila upande, nikizungusha paneli naona mashimo kwenye mionzi yake ambayo nadhani ni hayo. Kutoboa 3.2 mm kwa biti ya 1 mm katikati ya kila kiraka, kupitisha waya, kuchomelea juu na chini, ni kazi ya mkono na ya macho, biti zinavunjika ukiinamisha drili hata kidogo. Nimetengeneza stendi ya mbao. Nikimaliza nitaweka vijiwaya viwili vifupi pande mbili za paneli na kupima kinachopita kati yake, kwa uyoga kinatakiwa kishuke kwenye eneo la resonansi na kwa paneli isiyo na vijiti kisishuke namna hiyo.

Aprili

Shangazi amenunua kontena la pili, limewekwa nyuma ya jengo la mizani, kona ya jengo imekata njia, signali hakuna. Ukuta wa ghala jirani unaonekana kutoka pande zote mbili, na hapo ndo nyuso hizi zinapokuwa tamu zaidi, mana sasa sitaki wimbi lirudi lilikotoka, nataka liende pembeni.

Bati la kawaida linarudisha wimbi kama kioo, pembe ya kuingia ndo ya kutoka. Lakini kama kila kiraka kinaamua fezi yake, unaweza kufanya fezi iongezeke taratibu kutoka kushoto kwenda kulia na wimbi zima linapinda. Federico Capasso na wenzake wa Harvard waliiandika 2011 kwa mawimbi ya infraredi kama sheria ya Snell iliyopanuliwa, ila watu wa antena walishaanza zamani, Berry, Malech na Kennedy walitoa makala ya kwanza ya reflektarei (kioo cha redio ambacho kila kipande kinaamua fezi yake) 1963 kwa vipande vya bomba la mawimbi. Na 2018 vile visatelaiti viwili vidogo vya MarCO vilisindikiza InSight, chombo cha NASA cha kutua, mpaka Mars vikiwa na reflektarei ya paneli tatu bapa za kukunjua, na Novemba ile InSight ilipokuwa inatua vikarusha habari zake moja kwa moja mpaka duniani. Dishi la kweli lisingeingia kwenye kiboksi kile.

Mimi nataka wimbi linaloingia wima litoke kwa digrii 40. Kila milimita inatakiwa iongeze fezi digrii 1.89, kwa seli ya 24 mm ni digrii 45, kwa hiyo saizi nane za viraka zinamaliza mzunguko wa 360 kisha unarudia. Imetoka safi hivyo bila mimi kuilazimisha.

Ukubwa ndo unaoumiza. Paneli ya mita moja ya mraba, mita 20 kila upande, hasara ya njia nzima ni kama 74 dB, na njia wazi ya mita 40 ni 72, yaani karibu sawa, bila umeme, bila rauta. Lakini ukipunguza iwe nusu mita kwa nusu mita hasara inaongezeka 12 dB, mana eneo linahesabiwa mara mbili, mara moja kukamata na mara moja kurusha. Na mita ya mraba ya bodi mbili za FR4 ni hela. Kama ukuta ungeruhusu kuinamisha bati la kawaida kwa digrii 20 ningeinamisha bati nikaondoka, na mtu yeyote mwenye nafasi hiyo namshauri afanye hivyo. Mwenye ghala amekubali kitu bapa tu, hataki kitu kinachosimama ukutani mwake kikashika upepo.

Kwa hiyo nimeanza kupima kama naweza kuacha FR4 nikatumia karatasi ya alumini iliyokatwa na kubandikwa juu ya plastiki ya mabango, ile yenye mirija ndani, 5 mm. Dieletriki yake iko karibu na ya hewa, kwa hiyo viraka vitakuwa vikubwa kuliko vya FR4 na seli ya 24 mm haitavitosha vyote nane, huenda niende seli ya 32 mm na saizi sita. Hasara itakuwa ndogo sana na bei pia. Seli moja iko kwenye openEMS sasa hivi, saizi sita zinapigwa moja baada ya nyingine, nikipata mstari wa fezi unaofunika angalau digrii 300 nakata ukanda mmoja wa viraka sita kwanza nikaupime uwanjani kabla sijanunua shiti nzima.